Saa ya Kalenda na Mshonaji wa Majunga

Mimi si mtu wa kuokota habari barazani na kuzivalisha kanzu. Ninachokuandikia kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, tumbo limeshiba, nimevaa koti na tai. Nasema mchana kwa sababu najua umeshaanza kufikiria usiku na makaburi. Hayo yaondoe. Ilikuwa ofisini, Moroni, siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro dakika kumi za alasiri. Siku naijua na saa naijua, na huko kuijua kwangu ndiko kulikonifikisha hapa nilipo.

Ila kwanza niache nijisifu kidogo, maana bila hivyo hutaelewa. Mchana nilikuwa karani wa vizazi na vifo, jioni nilikuwa mwanafunzi. Miaka minne ya masomo ya jioni! Umeme wa Moroni wakati ule ulikatika sana hata ukiwaka watu walishtuka, kwa hiyo elimu yangu nusu yake niliipata kwa mshumaa. Nikatoka na cheti cha Uendeshaji wa Ofisi za Kisasa, wa kwanza katika darasa la watu mia moja. Haya basi, tulikuwa kumi na mmoja. Lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Katika masomo yote lililonikaa kichwani ni lile la vyombo vya ofisi, na katika vyombo vyote, saa ya kalenda. Wewe labda unayo ukutani na huijali. Saa ya kawaida inakwambia ni saa ngapi, basi, imemaliza. Saa ya kalenda inakwambia saa, siku ya juma, tarehe na mwezi, kila kimoja kwenye kidirisha chake, na ikifika saa sita za usiku inajigeuza yenyewe, uwepo usiwepo. Binamu yangu aliniletea moja kutoka Marseille, amei­funga ndani ya taulo mbili. Niliitundika juu ya meza yangu, na niamini, kuanzia siku hiyo hapakuwa na ofisi ya serikali iliyotufikia katika visiwa vyote, na sijui kama Paris walitufikia. Barua zilitoka na tarehe zake. Wageni waliacha kugombana kama leo ni tarehe ngapi. Kabla ya hapo ofisi yetu ilikuwa na tarehe nyingi kuliko wafanyakazi.

Kisa cha wingi huo wa tarehe kilikuwa mkuu wetu, tuliyemwita Maalim. Alisomesha Kurani miaka mingi kabla ya serikali kumpa ofisi, na kwake, kama kwa wazee wetu wote, siku mpya huanza jua likizama. Hilo kwa dini ni sawa kabisa, nani atabisha? Tatizo ni muhuri wa tarehe. Kila alipofunga mkoba wake kuondoka, Maalim aliugeuza muhuri uonyeshe kesho, ili asubuhi aukute tayari. Akiondoka saa kumi na moja, kesho inaanza saa kumi na moja. Akiitwa kwenye mwaliko saa nane, kesho inaanza saa nane.

"Maalim," nilimwambia mara nyingi, "kwa serikali siku inageuka saa sita za usiku."

"Na saa sita za usiku wewe huwa uko hapa uigeuze?"

"Saa ya kalenda inaigeuza."

"Basi iache saa ifanye kazi, na wewe nenda kalale. Wewe na cheti chako cha gizani!"

Miaka hiyo kisiwa cha Nzuani kilikuwa kimejitenga. Sitaki siasa, waliokuwepo wanajua. Boti za kwenda Mutsamudu, mji wake mkuu, zilikwama, simu zilikuwa kimya, na karatasi ya kule ikifika kwetu ilikuwa na muhuri wa dola tusiyoitambua. Mtu akikwama upande ule, kwa upande huu hakuwa hai wala hakuwa maiti. Alikuwa "bado hatujasikia".

Sasa Alhamisi hiyo kulikuwa na harusi kubwa mjini, ndoa kuu yenyewe, ile ambayo mtu anaiwekea akiba maisha yake yote. Ofisi ilihama. Maalim aliondoka mapema na joho lake begani, baada ya kuugeuza muhuri kuwa Ijumaa. Nilibaki peke yangu, kwa sababu cheti changu kilisema ofisi ya kisasa haifungwi kabla ya saa yake. Nikamimina chai. Nje ngoma zilikuwa zikipita na waimbaji wakianza ubeti wa kumsifu mama wa bwana harusi. Chai ilikuwa ya moto hata sikuweza kuigusa. Yakumbuke hayo mawili.

Mlangoni akasimama mwanamume wa makamo, mwembamba, shati jeupe safi, utepe wa kupimia nguo umening'inia shingoni.

"Salam aleikum."

"Aleikum salam. Karibu kaka, kaa."

Hakukaa. "Leo ni siku gani?"

Kuniuliza mimi tarehe! Nikajiweka sawa kitini. Kabla sijafungua kinywa akainua mkono.

"Usinikisie. Nimepita pengi. Mutsamudu ofisi ina kufuli. Nimepita Vouvouni, karani wa kwanza hakunijibu, akanitazama kama sipo. Wa pili alisema Jumatano, kisha akaondoka mbio. Nataka siku yenyewe."

Matamshi yake hayakuwa ya Ngazija kwetu wala ya Nzuani. Yalikuwa ya wale ndugu zetu waliorudishwa kutoka Majunga baada ya mauaji ya kule Madagaska, ambao mpaka leo wapo wanaowaita watu wa kuja. Nikamwonyesha ukutani kwa kidole, kama mtu anayeonyesha msikiti alioujenga mwenyewe.

"Alhamisi. Na tarehe hiyo hapo, na mwezi huo hapo."

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, na uso wake ukalegea.

"Basi sijachelewa," akasema. "Leo ndiyo mwisho." Ndipo akakaa.

Alikuja kuandikisha kifo. Wakati ule tuliwapa watu majuma mawili. Yakipita, hakuna kuandika mpaka amri ya mahakama, na mahakama gani ingetoa amri juu ya kifo cha Mutsamudu wakati ule? Nilianza kujaza fomu, lakini nisikudanganye, kwanza nilimweleza juu ya saa. Nilimweleza yote: vidirisha, mwezi wa siku thelathini na wa thelathini na moja, faida kwa barua, faida kwa nidhamu ya kazi. Nimewahi kuhutubia watu wengi, mke wangu mwenyewe husinzia, lakini sijapata msikilizaji kama yule.

"Na ofisi ikifungwa," aliuliza, "hamna mtu ndani, inaendelea kuhesabu?"

"Hata ikifungwa mwaka mzima!"

"Nilikokuwa mimi hakuna kitu kama hiki. Unakaa tu. Hujui kama ni jana au ni kesho."

Nikadhani anasema Nzuani. Wewe ungedhani nini? Nikamjibu kwa majivuno: "Hiyo ndiyo hasara ya kujitenga, kaka."

Akatabasamu kidogo. Nikaendelea na fomu.

"Jina la mwenye taarifa?"

"Anli wa Burhani, mzaliwa wa Majunga."

"Jina la marehemu?"

"Anli wa Burhani, mzaliwa wa Majunga."

Sikushtuka hata kidogo. Visiwani kwetu ukiita Anli sokoni nusu ya soko inageuka. Aliweka kitambulisho kimoja mezani, nikanakili namba yake juu, nikainakili na chini, huku mdomo wangu ukiwa bado kwenye mwezi wa Februari. Nikampa kadi yake, akairudisha mfukoni.

"Kazi yake?"

"Mshonaji wa majoho. Alipeleka majoho ya harusi Mutsamudu, mambo yakaharibika akiwa hukohuko."

"Amekufa kwa nini?"

"Risasi. Haikumtafuta yeye, ila yeye alikuwa njiani. Alhamisi ya majuma mawili nyuma, alfajiri, kichochoro cha kushukia bandarini. Alisikia kuna boti inaondoka kwa siri." Akaegemea mbele. "Andika alikuwa anarudi."

"Fomu haina nafasi ya hilo."

"Itafute, ndugu yangu. Andika alikuwa anarudi kwa mke wake, Zalihata, Ntsoudjini. Hilo ndilo lililonileta. Hayo mengine yote yasingenileta."

Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kufuata ukingo wa karatasi. Nilipokuwa nikiandika aliona kifungo cha koti langu kinaning'inia. Bila kuuliza akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, akanishonea hapohapo nikiwa nimekaa, akazungusha uzi, akaukata kwa meno. Mikono yake haikuwa baridi, kama unavyotaka kuniuliza. Haikuwa na joto pia.

Akatia sahihi. Nikachukua muhuri, nikauona: Ijumaa. Nikatazama ukutani: Alhamisi. Kwa muhuri wa Maalim mtu huyu alikuwa amechelewa siku moja. Kwa saa yangu alikuwa ndani ya wakati. Kugeuza muhuri wa mkuu wako ni jambo la kumfukuzisha mtu kazi. Nikaugeuza nyuma, nikapiga, na ofisi nzima ikatikisika.

"Nashukuru, karani," alisema. Niliinama kurudisha muhuri kwenye kisanduku chake. Nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu.

Nikainua bilauri ya chai ninywe, ikaniunguza. Nje waimbaji walikuwa bado kwenye ubeti uleule wa mama wa bwana harusi. Nikatazama saa: saa kumi kasoro dakika kumi. Tulikuwa tumekaa pale saa nzima, labda na zaidi! Nikasema betri imekufa, lakini mshale wa sekunde ulikuwa ukitembea vizuri. Nikawasha redio. Redio nayo ikasema saa kumi kasoro kumi. Nikanywa chai yangu polepole, nikaenda nyumbani, nikala wali, nikalala. Ujinga nao ni neema.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla sijafungua daftari, akaingia mzee mmoja mnene na mpwa wake, mwanamke kijana aliyejifunika shali mpaka kwenye nyusi. Mzee hakungoja kukaribishwa.

"Tunataka karatasi ya kuthibitisha kwamba mume wa huyu hakuandikwa popote kuwa amekufa. Kadhi anaitaka leo baada ya sala. Anamvunjia ndoa. Mume kamtoroka."

"Hakunitoroka, mjomba," alisema mwanamke.

"Mtu wa Majunga, Zalihata! Watu hawa nyumba yao iko mguuni. Saa hizi yuko kwao anaoa mwingine, na wewe unamtunzia viatu."

Niliposikia Zalihata nilifurahi, Mungu ni shahidi, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu chako ulichopoteza. Nikafungua daftari kwa madaha. "Mjomba, punguza sauti. Mume wa dada huyu hakutoroka. Ameandikwa hapa jana."

Zalihata hakulia. Aliomba nimsomee. Nikasoma mpaka kwenye yale maneno ya pembeni, alikuwa anarudi kwa mke wake, na hapo akashika ukingo wa meza.

"Nani alileta habari?"

"Jamaa yake, wa jina moja naye."

"Hana jamaa. Wote walibaki Majunga, ardhini." Macho yake yalikuwa kwenye koti langu. "Kifungo hicho nani kakushonea?"

"Huyohuyo."

Akasogeza kidole, akahesabu mizunguko ya uzi chini ya kifungo kwa ukucha. "Saba," alisema. "Kila siku nikimcheka, namwambia wewe utafilisi duka la nyuzi, wenzako wanazungusha mara tatu. Saba." Akatoa picha ndani ya mkoba wake, picha ya harusi yao. Bwana harusi alikuwa mwanamume mwembamba, shati jeupe, na hata siku hiyo ya furaha alikuwa amesahau kuvua utepe wa kupimia.

Mimi nikakaa. Sikukumbuka kwamba nyuma yangu hapakuwa na kiti.

Nikiwa bado sakafuni Maalim akaja, akalichukua daftari, na macho yake ni makali.

"Namba ya mwenye taarifa na ya marehemu ni moja. Jina nalo ni moja. Na tarehe! Mimi muhuri niliuacha Ijumaa. Umeurudisha nyuma!"

"Nimeurudisha, Maalim. Ilikuwa saa kumi kasoro kumi, Alhamisi. Saa ile pale."

"Futa," alisema yule mjomba. "Kachelewa, tena uongo mtupu. Maiti gani anaandikisha kifo chake?"

Hapo ndugu yangu nilisimama. Tai ilikuwa imenigeukia mgongoni, lakini miaka minne ya mishumaa ilisimama pamoja nami. Nikachukua kitabu cha sheria rafuni, nikapuliza vumbi, nikasoma kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini: taarifa ya kifo itatolewa na jamaa wa marehemu, au na mtu mwenye habari sahihi na kamili kuliko wengine.

"Maalim," nikasema, "nionyeshe wapi pameandikwa kwamba mtu huyo awe hai. Na nitajie mtu mwenye habari kamili za kifo kuliko yule aliyekufa."

Maalim alisoma kifungu, akakisoma tena huku midomo ikicheza. Akaitazama picha ya harusi mkononi mwa Zalihata, akaitazama sahihi, akaitazama saa yangu kwa mara ya kwanza tangu nimeitundika. Nilimsikia akisoma innalillahi kwa sauti ya chini. Kisha akachukua kalamu na kutia jina lake chini ya langu.

"Alhamisi," alimwambia yule mjomba. "Kwa serikali ilikuwa bado Alhamisi. Mpeleke mpwa wako nyumbani akakae eda ya mumewe kwa heshima, na usimtaje kadhi."

Na akakaa eda, miezi minne na siku kumi, zikihesabiwa kutoka tarehe tuliyoiandika sisi. Siku alipotoka, hitma ilisomwa nyumbani kwake, na aliyewakaribisha watu mlangoni alikuwa mjomba yuleyule, akisema "marehemu mkwe wetu" kila baada ya maneno matatu.

Boti ziliporudi kutembea nilikwenda Mutsamudu mwenyewe, kwa nauli yangu, kwa sababu karani mzuri anahakiki. Nikaingia mjini ndani kwa miguu, vichochoro vile ambavyo watu wawili wanene wakikutana mmoja lazima arudi, nikauliza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja muuza mikate aliniashiria kizingiti chake. "Alianguka hapa," alisema. "Alhamisi, alfajiri, natia moto tanuri. Hatukumjua, hakuna aliyemjua. Nilivua shiromani yangu, nguo niliyojitanda, nikamfunika. Wanaume wa msikitini walimzika chini ya ngome, bila jina." Nikamtajia jina. Alinifanya nilirudie mpaka akalishika, na tarehe yake na yetu hazikupishana hata kwa siku moja.

Sasa sikiliza, kwa sababu haya yanakuhusu. Yule mshonaji hakunyamaza huko aliko. Tangu mwaka ule wamekuja wengine, si wengi, lakini wanakuja: waliopotea kati ya visiwa, waliozikwa na wageni, wasiokuwa na mtu wa kuwaandikisha. Wanakuja ofisi ikiwa tupu, na kabla ya kukaa wanauliza siku. Nawaandika wote. Maalim alipostaafu aliniachia kiti chake na muhuri, na naweza kusema bila haya kwamba hakuna ofisi duniani yenye sifa kama yetu katika pande zote mbili.

Kwa hiyo wewe mwenye ofisi, nunua saa ya kalenda, uitundike mahali inapoonekana kutoka mlangoni. Mtu akikuuliza leo ni siku gani, usikisie, usitazame pembeni. Na betri yake usiichezee. Mimi niliugua homa mara moja tu, siku tatu, na nyuma yangu betri ikafa, hakuna aliyejali kuibadilisha. Siku ya nne nilifika alfajiri, nikafungua mlango. Benchi la wageni lilikuwa limejaa mwisho hadi mwisho, na wengine wamesimama kando ya ukuta, wote wameikazia macho ile saa iliyosimama.